Waridi la mlango sikioni: mwongozo kamili wa hereni za kifuu kwa leza na kwa mkono

Jirani yangu hapa Dunda, Bagamoyo, anauza wali wa nazi, na kila alfajiri hukuna nazi tano au sita. Vifuu vyake vilikuwa vinaishia jikoni kuwashia moto, hadi siku nilipomwomba aniwekee vile visivyopasuka ovyo. Alicheka. "Vifuu tena? Hayo mambo ya bibi zetu," akasema, akikumbuka kata ya kuchotea maji mtungini na upawa wa mchuzi. Alinirahisishia kazi ya kueleza. Kifuu kilikuwa mali ya fundi kabla ya kuwa kuni.

Mwongozo huu ni wa jozi moja ya hereni: duara la kifuu lenye upana wa milimita 30, lenye waridi lililotoka kwenye mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo. Mviringo wake mpana nimeuazima kwa majasi, yale mapambo ya sikio waliyovaa wanawake wa pwani zamani, ila hizi zinaning'inia. Ukiiweza jozi hii, kidani na vifungo vya kanzu vitakuja vyenyewe.

Fungu langu la kwanza nililikata lote kwa leza, ndani na nje, jozi kumi na mbili. Zilitoka zimefanana kama sarafu, kingo nyeusi tii. Shangazi yangu akavaa jozi moja harusini na dera jeupe. Aliporudi mabega yake yalikuwa na madoa ya masizi, na hakusema neno, aliniwekea tu lile dera kwenye ndoo. Tangu siku hiyo leza yangu inachora tu. Kukata, kuchonga na kung'arisha nimerudisha mkononi.

Mlango kwanza

Milango ya Bagamoyo si ya aina moja. Iko yenye miimo na kizingiti cha juu vilivyojaa nakshi, na katikati ya mbao mbili unasimama mfaa, ule mti unaofunika pale mbao zinapokutana. Iko pia ya mtindo wa Kigujarati, iliyogawanywa miraba na kupigwa vichwa vya shaba. Ukisimama ukatazama utaona mnyororo ukizunguka ukingo, samaki, mtende, yungiyungi, na waridi, ambalo mara nyingi hukaa kwenye kizingiti cha juu au kwenye mfaa.

Piga hodi. Ni mlango wa nyumba ya mtu, hata kama watalii wanaupiga picha bila salamu. Eleza unataka kufanya nini, na useme mapema kwamba unakusudia kuuza. Mimi nimekataliwa mara moja tu, na kwa haki: nyumba ilikuwa na msiba na mimi nimekuja na rula.

Piga picha alasiri, jua likiwa limelala, kwa sababu kivuli cha pembeni ndicho kinachoonyesha kina cha nakshi. Simama mita mbili au tatu nyuma halafu uvute picha kwa zumu. Ukisogea karibu sana simu huvimbisha katikati, na waridi lako litatoka kama limepuliziwa. Simu iwe sawasawa mbele ya nakshi, wala isiinamishwe. Mtu akushikie rula pembeni ya waridi ndani ya picha. Usibandike chochote kwenye mbao, gundi ya utepe inang'oa rangi ya zamani. Penye mbao imara unaweza kuweka karatasi nyembamba na kusugua penseli ya risasi juu yake. Penye mbao inayomeguka, acha.

Ukipenda kutoka nje ya mji, nenda Kaole, kilomita tano hivi kusini. Msikiti wa pale ni wa karne ya 13, na baadhi ya makaburi yana nguzo zilizowahi kupachikwa bakuli za Kichina. Wazo hilo la duara linalong'aa lililopachikwa kwenye uso mtupu ni zuri sana kwa kidani. Lakini chukua wazo tu. Kigae utakachokiona chini kiache hapo hapo. Mambo ya kale yanalindwa na sheria ya mwaka 1964, na kigae kikishatoka mahali pake hakimwelezi tena mtafiti chochote.

Kuchora, na kosa la petali moja

Ninatumia Inkscape, programu ya bure inayochora kwa vekta, yaani mistari ambayo haififii hata ukiikuza au kuipunguza. Ingiza picha, weka vipimo katika milimita, kisha ikuze picha mpaka rula iliyomo ilingane na rula ya programu. Fuata nakshi kwa kalamu ya vekta, pole pole. Programu ina uwezo wa kufuata picha yenyewe, lakini haijui kipi ni nakshi na kipi ni ufa au tone la chokaa. Itakuletea vinukta elfu na utavifuta usiku kucha.

Mara ya kwanza nilifanya kama wengi wanavyofanya: nikachora petali moja nzuri, nikaizungusha mara nane. Nikachapa karatasi, nikampelekea mzee mmoja mchongaji ambaye huketi nje ya kibanda chake akichonga mpingo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akaitazama karatasi, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. Haikubadilika hata kidogo, na nadhani hilo ndilo alilokuwa akilipima. "Waridi hili halijapigwa na upepo," akasema, akanirudishia.

Nikarudi mlangoni na rula. Petali nane, na hakuna mbili zilizolingana. Moja ilikuwa imenenepa kwa zaidi ya milimita sita kuliko ya jirani yake, pengine kwa sababu fundi alikuwa anakwepa fundo la mti. Sasa ninachora kila petali peke yake, kama ilivyo. Leza itarudia kwa uaminifu chochote utakachoipa. Ukiipa mkono wa yule fundi, itabeba mkono wa yule fundi hadi kwenye milimita 30.

Kupunguza kuna adabu yake. Waridi la mlangoni lina upana wa sentimita 18. Langu la sikioni lina milimita 26, ili libaki ukingo wa milimita mbili kila upande. Hiyo ni kupunguza karibu mara saba. Mfereji wa milimita nne unabaki wa nusu milimita na ushei. Kwa hiyo chagua: bakiza petali nane na duara la katikati, tupa shanga ndogo ndogo zinazozunguka. Kanuni yangu ni kwamba mistari miwili isikaribiane chini ya milimita 0.8. Kifuu hakivumilii wembamba zaidi ya huo. Ukuta ulio katikati utang'oka siku ya kuchonga.

Sikio la pili geuza mchoro kama kwenye kioo, ili petali nene zitazamane usoni. Watu hawatajua kwa nini jozi yako imetulia, lakini wataona.

Weka mistari ya kuchorwa kwa rangi moja na duara la nje kwa rangi nyingine. Hifadhi nakala ya SVG (faili la kawaida la Inkscape) na nyingine ya DXF (faili la michoro ya kiufundi), maana mashine nyingine hupokea DXF tu. Pembeni ongeza mraba wa milimita 50. DXF hupoteza vipimo mara kwa mara ikifunguliwa kwenye programu nyingine, na ule mraba utakuambia papo hapo kama hereni imegeuka sahani.

Kifuu

Nazi iwe imekomaa. Kifuu cha dafu ni laini na hukunjamana kikikauka. Baada ya nyama kukunwa, osha, kisha anika kivulini wiki mbili au tatu. Jua kali la ghafla hupasua. Kwangua nyuzi za nje kwa kipande cha msumeno wa chuma au kisu butu, halafu msasa namba 80 mpaka uso uwe laini na rangi ya kahawia ijitokeze.

Sasa kitazame kwa makini. Kutoka kwenye macho ya nazi hushuka mistari mitatu ya mwinuko, na kifuu hupenda kupasuka hapo. Duara lako likae kati ya mistari, kamwe lisiivuke. Sehemu ya ubavuni ndiyo bora: unene ni milimita tatu mpaka tano na mkunjo ni mpole.

Mkunjo huo ndio unaoamua ukubwa wa hereni. Nazi yenye nusu kipenyo cha milimita 55 inatoa duara la milimita 30 lenye mbinuko wa milimita mbili tu. Ukienda milimita 50, mbinuko unafika sita. Mwanga wa leza ya kawaida hukolea vizuri ndani ya tofauti ya milimita moja au mbili juu na chini, kwa hiyo duara kubwa litachorwa vizuri katikati na kufifia pembeni. Ndiyo maana ninakomea 35. Anayetaka pambo kubwa aunganishe vipande vidogo kwa waya, na kusema kweli huwa vinapendeza zaidi, vinacheza.

Kata vipande vya mraba vikubwa kidogo kuliko duara. Vinne kwa jozi moja, maana viwili vitaharibika.

Kwa fundi wa leza

Huhitaji kununua mashine. Dar es Salaam mafundi wa mihuri wengi wana leza za kuchoma raba, na watengeneza mabango na ngao wanazo kubwa zaidi. Wengi hutoza kwa dakika, kwa hiyo panga vipande vyote kwenye ubao mmoja wa kadibodi uliotobolewa nafasi zake, ili fundi aweke mara moja tu. Ule ubao mwambie akukate kwa leza hiyo hiyo kwanza. Mashimo yakikatwa na mashine yenyewe, kila kipande kitakaa pale mchoro unapokitarajia.

Mwombe achore mstari tu, kwa nguvu ndogo na mwendo wa kasi, kina kisizidi nusu milimita. Jaribu kwenye kifuu kibovu: alama iwe ya kahawia iliyoiva, isiwe shimo jeusi. Kupuliza hewa kuwepo muda wote, maana kifuu huwaka. Fokasi, yaani kimo ambacho mwanga wa leza hukolea, ipimwe nusu ya mbinuko, baina ya kilele na ukingo.

Neno moja la usalama ambalo siwezi kulipita. Kuna siku mteja mwenzangu pale alileta kipande cha plastiki cha bomba akitaka kichongwe jina. Bomba hilo ni PVC, na PVC ikiunguzwa na leza hutoa gesi yenye klorini inayokula mapafu na mashine vilevile. Usiipeleke, na ukiona inakatwa, toka nje.

Kazi yote ya leza kwa jozi tano huwa dakika chache. Utarudi Bagamoyo na daladala ukiwa na mfuko mwepesi na kazi nzima bado mbele yako.

Msumeno, patasi, tupa

Kata duara la nje kwa msumeno mwembamba wa masonara, ule wenye upinde. Paka uzi wake wa chuma wenye meno nta kidogo. Meno yaelekee chini, mkono uvute chini bila haraka, na geuza kifuu badala ya kuugeuza msumeno. Nyuzi zitakatika, nunua dazeni. Acha nusu milimita nje ya mstari, kisha imalize kwa tupa.

Toboa tundu la kulabu kabla ya kuchonga. Kama kipande kitapasuka, bora kipasuke sasa. Keekee ya milimita 1.2, tundu liwe milimita mbili na nusu kutoka ukingoni, na chini ya kipande pawe na kitu kinachokishika. Hapa nilijiona mjanja: nikachora kishikizi chenye mkunjo wa nazi, nikakichapa kwa printa ya 3D saa tatu nzima. Kinafanya kazi. Wiki iliyofuata nikagundua kwamba kifuu kingine kilicho kidogo kidogo, kikifunikwa juu ya meza, kinakaa chini ya kipande kama kimepimwa. Kishikizi cha printa sasa ninakitumia upande wa nyuma tu, pale ninapohitaji bonde badala ya kilima.

Na kwa kuwa tumeitaja printa: plastiki ya PLA inayotumiwa humo husifiwa kwamba inaoza. Inaoza kwenye mboji ya kiwandani yenye joto kali. Ukiitupa ufukweni itakaa. Tena hulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, kwa hiyo hereni ya PLA iliyosahauliwa juu ya dashibodi ya gari mchana utaikuta imeinama. Ninaitumia kwa vifaa vya kazi tu, na kifaa kimoja kinanitosha miaka.

Kuchonga ndiko kuliko na utamu. Shika patasi ndogo yenye ncha ya V, au kisu kifupi cha mchongaji, na ufuate mstari wa leza. Ule mstari ni njia tu. Fungua mfereji hadi milimita moja kwenye mzizi wa petali, karibu na duara la katikati, kisha uinuke polepole hadi ufe kabisa petali inapofika ncha. Leza haikuweza kufanya hivyo: ilichoma kina kilekile mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo ubapa ule wa fungu langu la kwanza ulipotoka. Ukishapandisha na kushusha, mwanga unaingia na waridi linapumua. Patasi ipite pia juu ya weusi wote, mpaka usibaki hata uzi wa masizi. Pima kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Mimi hutumia kipande cha dera lile lile.

Kidole cha mkono wa kushoto kisikae mbele ya patasi. Kifuu ni kigumu, kinateleza bila taarifa.

Msasa 120, 240, 400, halafu 800 na maji. Vaa barakoa, vumbi la kifuu ni jembamba sana. Kingo zizungushwe mpaka zisihisike shavuni. Jaribu kweli shavuni, vidole vya fundi vimeota sugu na havisemi ukweli.

Mwisho paka mchanganyiko wa nta ya nyuki na mafuta ya nazi, sehemu moja kwa mbili, yaliyoyeyushwa pamoja kwenye sufuria iliyokaa ndani ya maji ya moto. Paka kiduchu, subiri usiku mmoja, sugua kwa kitambaa. Vanishi inang'aa zaidi siku ya kwanza, lakini hubanduka kwa jasho na chumvi ya hewa ya hapa, na huwezi kuirudisha bila kukwangua yote.

Kulabu na vinavyoning'inia

Usifanye ubahili kwenye kinachoingia sikioni. Waya wa shaba hugeuka kijani kwa jasho, na kulabu za bei rahisi zenye nikeli huwasha masikio ya watu wengi. Tumia fedha ya sonara, waya wa milimita 0.8, ncha isuguliwe iwe duara. Shaba nyekundu kutoka nyaya chakavu za umeme inafaa kwa vipete vya kuunganishia, mradi ujue ilikotoka na uimenye kwa kisu. Kuichoma ili plastiki itoke ni kuwapa sumu majirani.

Badala ya mnyororo wa chuma ninapenda uzi wa katani, ambao nchi hii haina shida nao: mkonge ulifika Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, katika miche 62 iliyonusurika safari. Kata nyuzi tatu, zisokote pajani kama kamba ya nyavu, pitisha kwenye nta. Wenye ndugu wanaosuka mikeka waombe ukili mwembamba wa ukindu. Upana wa sentimita moja unatengeneza kidani cha shingo kinacholala vizuri chini ya waridi moja kubwa. Ukitaka rangi, mzingefuri hutoa nyekundu ya kupendeza. Manjano yanavutia siku ya kwanza, ila jua huyafifisha upesi.

Makombo ya mpingo kutoka kwa wachongaji ni mazuri kwa kitone cha katikati ya waridi. Mti huo mzito huzama majini, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Tangu 2017 aina zote za jenasi yake ziko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo kabla ya kumtumia mteja wa ng'ambo uliza maofisa wa misitu. Pembe za ng'ombe kutoka machinjioni hukatwa kwa msumeno. Kwenye leza hunuka nywele zinazoungua, na fundi hatakupokea tena. Gamba la ng'amba na meno ya tembo usiulize hata bei, bila kujali nani anakuambia ni ya zamani.

Kuuza na kutengeneza tena

Hesabu bei kwa saa za mkono, maana ndizo nyingi: jozi moja inanichukua saa nne, na leza humo ni dakika moja na nusu. Kwenye kikaratasi andika kifuu, fedha, katani, na mtaa ulipo mlango kama mwenye nyumba ameridhia. Maana ya waridi usiiandike kama hukuisikia kwa mwenye mlango. Kila mtembezaji wageni ana yake. Jozi ya kwanza ya kila mchoro ninaipeleka kwenye nyumba yenyewe.

Nyuma ya kila duara kwaruza namba ya faili kwa sindano. Mteja akipoteza hereni moja, na hupoteza moja siku zote, unafungua mchoro ule ule, sikio lile lile, na unahitaji kifuu kimoja tu chenye rangi inayokaribiana. Kwa ajili hiyo nina kikapu chini ya meza, vifuu vimepangwa kuanzia chekundu hadi cheusi, na jirani bado ananiwekea vingine kila alfajiri.